Barua tatu za udahili: kisa cha mpwa wangu na sayansi ya kompyuta

Machi 2024 mpwa wangu aliniletea barua tatu za udahili, zote za shahada ya kwanza, zote za ng'ambo, akasema: "Mjomba, wewe ndiye uniambie niende wapi." Mama yake, yaani dada yangu, alikuwa ameshachagua. Baba yake naye alikuwa ameshachagua, na hawakuchagua chuo kimoja. Mimi nimeandika programu kwa riziki yangu miaka mingi, basi wakaona ndiye wa kukata shauri. Nakieleza kisa hiki chote kwa sababu ushauri wangu wa kwanza ulikuwa na kosa, na kosa lile lile naliona kwa karibu kila familia inayonipigia simu kuulizia jambo hili.

Barua ya kwanza ilitoka chuo kikubwa cha umma cha Marekani, chenye jina ambalo hata asiyejua kompyuta amelisikia. Kilimpa ufadhili wa sehemu ya ada. Ya pili ilitoka Kanada, chuo cha umma cha kati, kilichomwingiza moja kwa moja kwenye sayansi ya kompyuta katika mpango wa kupokezana masomo na kazi: muhula darasani, muhula kazini kwa mshahara. Ya tatu ilikuwa ya chuo kidogo cha Marekani, wanafunzi hawafiki elfu tatu, ambacho dada yangu alikishuku kuwa cha matapeli kwa sababu hakupata mtu hata mmoja aliyewahi kukisikia. Sitavitaja kwa majina, kwa kuwa si yote nitakayosema ni ya kuvisifu.

Kwanza niseme habari ya Ujerumani, maana kila mtu huiuliza. Vyuo vingi vya umma huko havitozi ada hata kwa wageni. Lakini si vyote: jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha München kilianza kutoza wageni ada zake mwaka wa masomo wa 2024/25. Mwanafunzi hutakiwa aweke akiba ya mwaka mzima katika akaunti iliyofungwa, ambayo humtolea kiasi fulani kila mwezi. Wakati ule ilikuwa yuro 11,208. Septemba 2024 ikapanda hadi 11,904, sawa na 992 kwa mwezi. Hilo familia ingeweza kulibeba kwa shida. Kilichotuzuia ni kingine. Shahada nyingi za kwanza za kompyuta huko hufundishwa kwa Kijerumani, na cheti chake cha sekondari hakikumtosha kuingia moja kwa moja. Angepita kwanza mwaka wa maandalizi, wenye mtihani wake wa kutokea. Tena kuna jambo ambalo wengi huligundua wakiwa wameshafika: ukifeli mtihani wa lazima mpaka nafasi zikaisha, na mara nyingi nafasi ni tatu, unaondolewa katika fani hiyo, na kwa kawaida huwezi kuisoma tena katika chuo kingine cha nchi hiyo. Kwa mgeni, hapo na kibali cha kuishi kimeingia hatarini. Tukakubaliana Ujerumani ingoje shahada ya uzamili, ambako programu za Kiingereza ni nyingi. Uamuzi huo ulikuja kuwa na uzito kuliko nilivyodhani, nami nitaurudia.

Dada yangu alikuwa upande wa chuo kikubwa, na hoja yake ilikuwa orodha ya vyuo bora duniani. Alinionyesha kwenye simu: hiki kipo juu, hiki kipo chini, hiki hakipo kabisa. Sikutaka kumvunja moyo, kwa kuwa jina lina faida, hasa mtu anapotafuta kazi ya kwanza katika nchi ambayo hana wa kumshika mkono. Nikamwomba tuangalie orodha yenyewe inapima nini. Orodha ya QS, mojawapo ya zile maarufu za vyuo vya dunia, tangu toleo la 2024 huipa sifa ya kitaaluma asilimia 30 na sifa kwa waajiri asilimia 15. Vyote viwili hupatikana kwa kuwauliza watu maoni yao. Kwa hiyo karibu nusu ya alama ni maoni ya watu kuhusu jina. Orodha ya CSRankings, iliyoanzishwa na Emery Berger wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, ni ya kompyuta pekee na haiulizi mtu maoni: huhesabu makala za wahadhiri katika mikutano mikuu ya fani. Kwa anayekwenda kusoma uzamivu, hiyo ni dira nzuri kabisa. Kwa binti wa miaka kumi na tisa anayetaka kujua nani atamsahihishia programu yake ya kwanza na kumwambia ilikosea wapi, haina jibu. Mtafiti hodari anaweza asionane na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hata mara moja.

Kisha tukaisoma barua ya chuo kikubwa neno kwa neno, na hapo ndipo kisa kilipogeuka. Ukurasa wa kwanza ulikuwa pongezi tupu. Ukurasa wa pili ulikuwa na jedwali dogo la mistari minne: jina lake, muhula wa kuanza, kitivo, na fani. Mbele ya fani paliandikwa kwamba haijachaguliwa. Mpwa wangu alikuwa ameusoma mstari ule mara nyingi akauona wa kawaida. Aliomba sayansi ya kompyuta, akakubaliwa na chuo, basi akaamini amekubaliwa kusoma sayansi ya kompyuta.

Sivyo mambo yalivyo katika vyuo vingi vikubwa vya Marekani. Kuingia chuoni ni mlango mmoja, na kuingia fani ya kompyuta ni mlango mwingine, wenye foleni yake. Kwa miaka mingi pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanafunzi wa kitivo cha sanaa na sayansi alilazimika kupata wastani wa 3.3 kati ya 4 katika kozi za mwanzo za kompyuta ndipo aruhusiwe kuichukua fani hiyo, mpaka utaratibu ulipobadilishwa mwaka 2023. Chuo Kikuu cha Washington, pale Seattle, huchukua wengi wa wanafunzi wake wa kompyuta moja kwa moja kutoka sekondari, na aliyeingia kwa njia nyingine hupata taabu kubwa kuhamia. Chuo kilichomdahili mpwa wangu kilikuwa na kanuni za jamii hiyo: asome mwaka mmoja, aombe, ashindane. Ukurasa wa idara ulitamka wazi kwamba kutimiza alama za chini hakumpi mtu uhakika wa nafasi.

Mwenyeji akikosa nafasi hiyo ataumia, lakini anaweza kuhamia chuo cha jirani, au akaacha mwaka mmoja akafanya kazi. Mgeni hana upana huo. Kibali chake kimeshonwa kwenye masomo yake, ufadhili wake umeshonwa kwenye chuo, na fani yake imeandikwa kwenye fomu ya I-20, ile ambayo chuo humpa mgeni aombee viza, pamoja na namba ya uainishaji. Namba ile ina maana kubwa. Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, akihitimu hupewa miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na fani yake. Kama namba ya fani imo katika orodha ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, anaweza kuomba miezi 24 zaidi. Sayansi ya kompyuta, namba 11.0701, imo. Anayekosa mlango wa kompyuta akaishia katika biashara ya kawaida anaweza kubaki na mwaka mmoja badala ya mitatu. Na baada ya hapo kuna bahati nasibu ya viza ya kazi ya H-1B, nafasi 65,000 kwa mwaka na 20,000 za nyongeza kwa waliosoma uzamili au zaidi nchini humo. Miaka mitatu humpa mtu kucheza bahati nasibu hiyo zaidi ya mara moja. Mwaka mmoja humwacha na nafasi moja, pengine mbili.

Nilimshauri akiandikie chuo. Aliandika barua nzuri, fupi, yenye swali moja: kati ya walioingia bila fani na baadaye wakaomba kompyuta, ni wangapi walikubaliwa mwaka uliopita? Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Lilimhimiza agundue vipaji vyake na afurahie upana wa elimu chuoni hapo. Swali lake halikuguswa. Nililisoma jibu lile mara mbili, nikamwambia: "Wanaoijua namba na wakaificha, wameshakujibu."

Fedha nazo zikatoa ushahidi wake. Ufadhili wa chuo kikubwa ulikuwa kiasi maalumu cha dola kwa mwaka, kisichopanda. Ada hupanda. Tukafanya hesabu ambayo namsihi kila mzazi aifanye kabla ya kushangilia barua ya ufadhili. Ichukulie ada ya mwaka wa kwanza kuwa 100, na ufadhili kuwa 40. Unaona utalipa 60 kila mwaka, jumla 240. Sasa pandisha ada kwa asilimia nne tu kwa mwaka: 100, 104, 108, 112 na nusu. Ufadhili umebaki 40. Sehemu yako inakuwa 60, kisha 64, kisha 68, kisha zaidi ya 72. Jumla karibu 265. Ada imepanda kwa asilimia kumi na mbili na nusu, lakini mzigo wa familia umepanda kwa asilimia zaidi ya ishirini, kwa sababu nyongeza yote inamwangukia mlipaji. Zaidi ya hapo, vyuo kadhaa vya umma vya Marekani huwatoza wanafunzi wa kompyuta na uhandisi ada ya juu kuliko wenzao, na nyongeza hiyo huanza pale unapoingia fani, yaani baada ya mwaka wa kwanza ambao wewe umeupigia hesabu. Na ufadhili wenyewe ulikuwa na sharti la wastani wa alama, katika fani ambayo kozi za mwanzo husahihishwa kwa ukali ili kupunguza watu.

Shemeji yangu alikuwa upande wa Kanada, na mimi mwanzoni nilikuwa naye. Mpango wa kupokezana masomo na kazi ni kitu kizuri kweli. Chuo Kikuu cha Waterloo, huko huko Kanada, kilianza nao mwaka 1957 chuo kilipoanzishwa, na umesambaa kwa sababu unafanya kazi: mtu anahitimu akiwa na uzoefu ambao waajiri wanauamini. Kibali cha kazi baada ya shahada hufika miaka mitatu, bila bahati nasibu. Nilipoambiwa nitoe ushauri siku ile ya kwanza, nilisema Kanada, nikachukua kalamu nikaweka mishahara ya mihula ya kazi kwenye hesabu ya ada ya mwaka wa pili na wa tatu.

Hilo ndilo kosa langu. Nilihesabu mshahara ambao haujapatikana kana kwamba umo benki. Vyuo hivi havimhakikishii mtu kazi. Humpa nafasi ya kuomba, akashindane na wenzake. Muhula wa kwanza wa kazi ndio mgumu kuliko yote, maana huna cha kuonyesha, na ndio huo huo niliokuwa nimeuwekea ada. Anayekosa kazi muhula ule anakosa fedha, na mpangilio wa masomo yake unavurugika. Mwenye familia ya kumkopesha atavuka. Mpwa wangu hakuwa na familia hiyo, na mimi nilijua hivyo kabla sijashika kalamu.

Halafu sheria zikabadilika tukiwa tunatazama. Tangu Januari 1, 2024 Kanada ilipandisha kiasi cha akiba ya kuishi ambacho mwombaji huonyesha, kutoka dola 10,000 za huko hadi 20,635, bila kuhesabu ada ya mwaka wa kwanza wala nauli. Januari 22 serikali ikatangaza ukomo wa idadi ya vibali vya masomo, na waombaji wa shahada ya kwanza wakatakiwa wawe na barua ya uthibitisho kutoka jimbo la chuo. Majimbo yalipewa mpaka mwisho wa Machi kuweka utaratibu. Sisi tulikuwa na udahili mkononi, na barua ya jimbo haijulikani itatoka lini. Baadaye, kuanzia Novemba 2024, kibali cha kazi baada ya masomo nacho kikaongezewa sharti la mtihani wa lugha. Siwalaumu waliopanga sheria za nchi yao. Ninachosema ni kwamba aliyechagua nchi kwa sababu ya sheria moja tu amejenga juu ya kitu kinachohamishwa. Uingereza ni hivyo hivyo: kibali cha miaka miwili cha kubaki baada ya shahada kitakuwa miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 1, 2027, na hilo linawagusa walioanza masomo wakiwa wameahidiwa miwili.

Ikabaki barua ya tatu, ya chuo ambacho hakuna aliyekitaka. Hiki kilikuwa kimemdahili kwa utaratibu wa kupima mahitaji: familia hujaza fomu ndefu za mapato, chuo hukadiria kile inachoweza kulipa, na kinachobaki hufidiwa. Vyuo vingi vya Marekani vinapochagua wageni hutazama kama mwombaji anahitaji msaada, na kuuomba hupunguza nafasi yake ya kukubaliwa. Visivyotazama ni vichache sana, vikiwemo Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst. Mpwa wangu alijaribu viwili kati ya hivyo akakosa. Hiki kidogo kilimkubali kikijua hali yake yote, na msaada wake ulikuwa ukikokotolewa upya kila mwaka kufuata ada ya mwaka huo. Sentensi hiyo moja ilikuwa na thamani kuliko tarakimu kubwa ya chuo cha kwanza. Kulikuwa na pengo moja ambalo nalitaja kwa sababu huwashtua watu: sehemu ya ufadhili inayolipia chumba na chakula huhesabiwa kuwa mapato, na mgeni mwenye F-1 kwa kawaida hukatwa kodi ya asilimia 14 juu ya sehemu hiyo, isipokuwa nchi yake ina mkataba unaomwondolea. Ada yenyewe haikatwi. Tukaiingiza kodi hiyo kwenye hesabu tangu mwanzo.

Wasiwasi wangu ulikuwa masomo. Idara nzima ilikuwa na wahadhiri sita. Katalogi ilipendeza, lakini katalogi huandikwa mara moja na kozi hufundishwa muhula kwa muhula. Nikampa kazi: "Usisome katalogi. Tafuta ratiba halisi za mihula sita iliyopita." Alizipata zote, zimewekwa wazi kwenye tovuti ya msajili. Usiku ule alichora jedwali kwenye karatasi ya daftari, mihula sita juu, kozi kumi na mbili upande, akaweka alama ya kalamu nyekundu kila kozi ilipofundishwa. Miundo ya data ilikuwa na alama sita kati ya sita. Algoriti, alama tatu, mara moja kila mwaka. Nadharia ya ukokotoaji, tatu. Mifumo endeshi, yaani programu kuu zinazoiendesha kompyuta, mbili tu. Mitandao ya kompyuta, moja. Kompaila, yaani programu inayotafsiri programu nyingine kuwa lugha ya mashine, safu tupu. Alinisogezea karatasi akanyamaza, na kidole chake kikabaki kwenye safu ile tupu.

Akamwandikia mkuu wa idara, akaambatanisha picha ya jedwali. Jibu lilikuja siku ya pili yake, limeandikwa na mhadhiri mwenyewe, refu kuliko barua ya udahili. Alikubali kwamba jedwali ni sahihi. Alieleza kuwa mifumo endeshi hufundishwa kila baada ya mihula mitatu, na akataja muhula ambao yeye angeikuta. Kompaila iliondoka na mhadhiri aliyestaafu. Wanafunzi wawili walikuwa wameisoma chini ya usimamizi binafsi, na alieleza walijenga nini. Alisema darasa kubwa la mwaka wa kwanza lina watu ishirini na wanane. Mwishoni aliuliza kwa nini anataka kujua kompaila.

Nadharia ile ya kila mwaka ndiyo iliyonikumbusha Ujerumani. Programu nyingi za uzamili huko hupima kama shahada yako ya kwanza ina hisabati na nadharia ya kompyuta ya kutosha, kozi kwa kozi, na wengi waliosoma kuandika programu tu hukataliwa hapo bila kujali alama zao. Chuo kidogo kilikuwa dhaifu katika mifumo na imara katika nadharia. Kwa mtu aliyekwisha kupanga uzamili mahali fulani, udhaifu huo na uimara huo haukuwa na uzito sawa.

Tarehe ya kujibu vyuo vya Marekani ilikuwa Mei 1. Aprili 27 mpwa wangu aliwaita wazazi wake, akawawekea mezani karatasi tatu: mstari wa fani kutoka barua ya kwanza, hesabu ya akiba ya Kanada, na jedwali lake la alama nyekundu. Alieleza mwenyewe, mimi sikufungua mdomo. Dada yangu aliuliza swali moja la maana sana: "Na ukiomba kazi, nani atakijua hicho chuo?" Binti akajibu kwamba wachache watakijua, na kwamba kwa hiyo atahitaji kazi zake zionekane na barua za walimu wanaomjua kwa jina. Dada yangu hakuridhika. Alikubali, jambo ambalo si sawa na kuridhika, na naliheshimu.

Gharama ya uamuzi ule tumeiona. Kampuni kubwa zinazofika kwenye maonyesho ya ajira ya vyuo vikubwa hazifiki pale. Kiangazi chake cha kwanza aliomba nafasi nyingi za mafunzo kazini, akapata majibu manne, yote ya kukataa. Alifanya kazi chuoni, katika maabara ya mmoja wa wale wahadhiri sita, akiandika programu ya kusafisha data za utafiti. Mwaka wa pili ilikuwa zamu ya mifumo endeshi, muhula ule ule alioahidiwa. Walikuwa kumi na watano darasani, na alinitumia picha ya skrini saa nane za usiku, siku kiini cha mfumo endeshi alichokiandika kilipowaka kwa mara ya kwanza, mstari mmoja wa maandishi meupe kwenye weusi.

Sasa anapanga kiangazi kijacho kazini kwa kibali cha mafunzo kinachoitwa CPT, na ameandika hesabu ya miezi ukutani, kwa sababu mtu akifikisha miezi 12 ya kazi ya muda wote kwa kibali hicho anapoteza ile miezi ya baada ya kuhitimu. Mitandao ya kompyuta haimo kwenye ratiba ya muhula ujao. Juzi aliniuliza kama aisome kwa usimamizi binafsi au angoje mwaka wa mwisho. Nilimwambia amuulize yule mhadhiri. Akasema ameshamuuliza, na wanaanza Januari.